Kilo ya dukani, kikombe cha jikoni

Kilo moja ya mchele ni vikombe vingapi? Ukiniuliza njiani nitakujibu vitano na kila mtu atashika njia yake. Ukiniuliza jikoni, maji yakiwa yameshaanza kuchemka, nitakuuliza na mimi: kikombe kipi, na mchele upi? Wapo wanaodhani nawabania siri. Hakuna siri. Ila hilo jibu la vitano ni kweli kwako na si kweli kwa jirani yako, ingawa nyote mmenunua kilo moja kwenye duka la mangi yuleyule.

Mchele mkavu uliomiminwa tu kwenye chombo, bila kutikiswa wala kushindiliwa, huwa na uzito wa gramu 750 mpaka 850 kwa kila lita. Chukua 800 iwe ya katikati. Hapo kilo moja inakuwa lita moja na robo, na kwa kikombe cha kupimia cha mililita 250 unapata vikombe vitano kamili. Ndiyo ile tano yangu ya njiani. Lakini kikombe cha Wamarekani kina mililita 237 hivi, na majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya kwao yanahesabu gramu 185 kwa kikombe kimoja cha mchele mweupe wa punje ndefu. Kwa kikombe hicho kilo ni vitano na karibu nusu. Halafu kuna kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi la sufuria ya umeme ya kupikia wali. Hicho ni cha Kijapani kwa asili, kina mililita 180, kinachukua gramu 150 za mchele, na kilo moja inakitoa mara sita na theluthi mbili. Na kile kikombe chako cha chai chenye maua, kilichobaki peke yake baada ya wenzake kuvunjika, Mungu ndiye ajuaye. Nimevikuta vya mililita 200 na vya 350 kwenye kabati moja.

Hapo hatujaugusa mchele wenyewe.

Tupa punje moja ya mchele kwenye maji, itazama, kwa sababu punje ni nzito kuliko maji. Mililita moja ya punje tupu ina karibu gramu 1.45. Sasa mbona lita ya mchele ina gramu 800 tu, wakati lita ya maji ina 1,000? Kwa sababu karibu nusu ya kile unachokiita kikombe cha mchele ni hewa iliyokaa katikati ya punje. Ukishalijua hilo, mambo mengi ya jikoni yanajieleza yenyewe. Chochote kinachoongeza au kupunguza hewa hiyo kinabadilisha uzito wa kikombe, na wewe huoni kitu, kwa sababu kikombe ni kilekile na kimejaa vilevile.

Basmati, punje zake ndefu na nyembamba, hulala zikikingamana na kuacha mianya. Punje fupi nene hujipanga vizuri zaidi. Wamarekani wameandika gramu 185 kwa punje ndefu, 195 kwa punje ya kati na 200 kwa punje fupi, kikombe kikiwa kilekile. Mchele wenye chenga nyingi nao una mambo yake: chenga zinaingia kwenye mianya ambayo punje nzima zisingeweza kuingia, na kikombe kinakuwa kizito. Ndiyo maana mimi nikibadilisha mchele, nikatoka kwenye Kyela nikaenda Ifakara au basmati ya Pakistani, sihamishi namba. Napima upya.

Halafu uko mkono wa anayepima. Zamani huku pwani nafaka ilipimwa kwa kibaba, kile cha haba na haba. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Na ukinunua, ilibidi mwelewane kabisa kama ni kibaba cha mfuto au kibaba cha tele. Cha mfuto kinafutwa juu kwa mkono au kijiti kikawa sawa na ukingo. Cha tele kinajazwa mpaka kinasimama mlima. Tofauti yake si ya kudharau. Chukua kikombe cha mililita 250 chenye mdomo wa sentimita 8. Mchele unaosimama juu yake wenyewe bila kumwagika ni karibu mililita 47, yaani kama sehemu moja ya tano ya kikombe kizima. Vikombe vitano vya tele ni karibu vikombe sita vya mfuto. Na mdomo ukiwa mpana zaidi, mlima nao unakua. Muuzaji wa sokoni analijua hili kuliko wewe na mimi: akikuuzia kwa kopo jembamba refu na kukurushia gao moja la nyongeza, unaondoka umefurahi, wakati kopo fupi pana la ujazo uleule lingekupa zaidi bila kukuchekea.

Ukikitikisa au kukigongagonga kikombe mezani, punje zinakaa vizuri na unaweza kuongeza hadi sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo fanya uamuzi mmoja na usiubadilishe. Wangu ni huu: nachota, sigongi, nafuta juu kwa mgongo wa kisu. Wengine huchota na kugonga. Wote tutakula wali, ila tusipeane namba.

Mahali ambapo hesabu ya kutoka ujazo kwenda uzito inatugusa wengi kila mwaka, hata wasiopika, ni zaka ya fitri. Kiwango chake ni pishi moja kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne, na kibaba kimoja, kwa kipimo cha asili, ni mchoto wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiwa vimeunganishwa. Hicho ni ujazo. Mizani haimo. Hadithi zinataja pishi ya tende, pishi ya shayiri, pishi ya zabibu kavu. Pishi ni moja lakini uzito wake hauwezi kuwa mmoja, kwa kuwa tende si shayiri. Sisi tunatoa mchele kwa sababu ndicho chakula chetu, na kwa kuwa mchele siku hizi tunaununua kwa kilo, maimamu hulazimika kututafsiria pishi kuwa kilo. Wengi kwetu hutangaza kilo mbili na nusu. Wapo wanaosema tatu, kwa tahadhari. Ukiichukua pishi kuwa karibu lita tatu, na mchele kuwa gramu 800 kwa lita, unapata kilo mbili na gramu 400, na hizo mbili na nusu za msikitini zinakaa vizuri kabisa. Kamusi za zamani za Kiswahili zilizoandikwa na Waingereza ziliikadiria pishi kuwa pauni sita, yaani kilo mbili na gramu 700 hivi. Kila mwaka nasikia watu wanabishana kwamba mwaka jana sheikh alisema hivi na huyu anasema vile, kana kwamba mmoja wao anadanganya. Hakuna anayedanganya. Kipimo cha ujazo kikibadilishwa kuwa uzito lazima kilegee kidogo, na aliyeongeza nusu kilo kampa maskini wali zaidi.

Turudi jikoni. Huna mizani? Huihitaji. Nunua mchele wa pakiti ya kilo moja, ile iliyofungwa kiwandani, na chukua kikombe unachokitumia siku zote. Mimina mchele kwenye ungo au sinia, halafu chota kikombe kimoja kimoja, ukifuta juu, mpaka uishe. Kikombe cha mwisho hakitajaa. Kiangalie ni nusu, robo au theluthi. Iandike hiyo namba mahali utakapoiona. Mimi nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango wa kabati: jina la mchele, na mbele yake vikombe kwa kilo. Kuna mstari mmoja umekatwa na kuandikwa upya kwa sababu kikombe chenyewe kilivunjika na mrithi wake ni mkubwa zaidi.

Kama unataka kujua kikombe chako kina mililita ngapi, chupa ya maji ya nusu lita ndiyo maabara yako. Mimina maji yake kwenye kikombe mpaka kijae, kisha tazama yaliyobaki. Ikijaza kikombe mara mbili na kwisha, una kikombe cha 250. Na chupa hiyohiyo ikishakauka vizuri ndani, ukiijaza mchele kwa kutumia karatasi iliyokunjwa kama mrija wa kumiminia, unapata karibu gramu 400, ambazo ni wali wa watu wazima wanne wa siku ya kawaida. Mimi nahesabu gramu 100 kwa mtu, mchele mkavu. Wenye njaa ya kazi ngumu uwape 150.

Mtoto wa dada yangu anaishi Marekani, jimbo la Ohio, na kila Jumapili alikuwa ananitumia picha za wali kwa wasap akitaka nimwambie tatizo ni nini.

"Mama mdogo, shikamoo. Umekuwa mgumu tena. Nimefuata mstari kabisa."

"Marahaba mwanangu. Mstari upi?"

"Ule wa ndani ya sufuria. Vikombe vitatu, maji mpaka kwenye tatu."

"Na hivyo vikombe umepimia nini?"

Akanipiga picha bilauri ya plastiki. Hapo nikajua. Mistari ya ndani ya sufuria za umeme imechorwa kwa kikombe chake cha mililita 180. Bilauri yake ilikuwa na 300. Kwa hiyo alikuwa anatia mchele wa mililita 900 na kuupa maji ya mchele wa 540. Maji yalikuwa yanaufunika kwa shida. Sufuria haina kosa lolote, na mchele hauna kosa. Kile kikombe kidogo cha plastiki alikuwa amekifanya cha kuwekea vibanio vya nywele. Alipokirudisha kazini, malalamiko yakahamia kwenye maharage.

Huyohuyo ananunua mchele kwa mfuko wa pauni 20. Hiyo ni kilo tisa na kidogo, na kwa vikombe vya kwao ni vikombe 49. Kwa kikombe cha sufuria yake ni sitini. Nikamwambia apuuze yote hayo, ajue tu kwamba pauni moja ni karibu vikombe vitatu vya sufuria yake, na inalisha watu wanne.

Sasa maji, ambako ndiko ugomvi mkubwa uliko. Mabibi zetu hawakupima maji kwa kikombe. Walichovya kidole: ncha inagusa mchele, maji yanafika kwenye pingili ya kwanza, basi. Na wali ulitoka. Nilikuwa naona ni maajabu mpaka nilipokaa nikapiga hesabu. Pingili ya kwanza ni kama sentimita mbili na nusu. Mchele ukiwa na kina cha sentimita 3 ndani ya sufuria, kuna maji yaliyojificha kwenye mianya yake, karibu sentimita moja na nusu kasoro, na juu yake zile mbili na nusu. Jumla, maji ni kama mara moja na robo ya mchele. Hiyo ni hesabu nzuri kabisa kwa sufuria ya nyumbani yenye mfuniko mzito na makaa juu yake.

Lakini peleka kidole hichohicho kwenye sufuria la shughuli, ambako mchele una kina cha sentimita 10. Maji ya mianyani ni nne na nusu, ya juu ni mbili na nusu, jumla saba kwa mchele wa kumi. Huo wali hautaiva hata ukiupalia makaa mpaka magharibi. Kidole ni kipimo cha sufuria ndogo, na mpishi wa shughuli anayejua kazi yake hakitumii. Yeye anapima kwa kile alichopimia mchele, ndoo kwa ndoo.

Na hapo kuna jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi vinalikosea kwa kulirahisisha. Vinasema kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji, kisha ukipika vikombe kumi unatia ishirini, unapata bokoboko. Mchele wenyewe unakunywa maji karibu sawa na ujazo wake: kikombe kwa kikombe. Maji yanayozidi hapo ni ya kupotea kwa mvuke, na mvuke haufuati wingi wa mchele. Unafuata upana wa sufuria, ukali wa moto, muda, na jinsi mfuniko unavyokaa. Kikombe kimoja kwenye sufuria pana kinaweza kupoteza kikombe kizima cha maji hewani. Vikombe kumi kwenye sufuria iliyofunikwa vizuri havipotezi vikombe kumi. Kwangu, kwa mkaa, vikombe vitano (hiyo kilo yetu) navipa maji saba au saba na nusu. Kilo kumi nazipa lita kumi na tano hivi, wakati mchele wenyewe ni lita kumi na mbili na nusu. Tui la nazi ni maji pia, lihesabu humohumo.

Mchele mpya wa msimu unataka maji pungufu kidogo, uliokaa ghalani unataka zaidi. Na upime kabla ya kuosha, tafadhali. Kilo moja ya mchele iliyolowekwa nusu saa inaweza kuwa imebeba robo kilo ya maji ndani yake. Ukiipima hapo unapima maji, na usipoyatoa kwenye hesabu ya sufuria utayahesabu mara mbili.

Wapishi wa mtaani kwetu huyaita masufuria kwa kilo: sufuria la kilo tano, la kilo kumi, la kilo ishirini. Ukienda kukodi, usimwambie mwenye nayo lita, atakushangaa. Kilo hizo ni za mchele mkavu, na sufuria lazima liwe na nafasi ya wali ulioumuka, kwa sababu mchele huongezeka karibu mara tatu kwa ujazo. Kilo kumi zinaingia kama lita kumi na mbili na nusu na zinatoka zikikaribia lita 37, na kama ni pilau bado nyama na viazi vinataka kukaa. Kwa shughuli wengi wetu huhesabu kilo moja kwa watu sita mpaka wanane, kutegemea kuna nini kingine kwenye sahani na ni shughuli ya nani. Msibani watu hula kidogo mchana wa kwanza na sana siku ya kuondoa tanga.

Kuna kundi moja ambalo kwao kuchanganya vipimo si suala la wali mgumu au laini. Mtu mwenye kisukari akiambiwa kliniki "kikombe kimoja cha wali", ni kikombe cha wali ulioiva. Kwenye majedwali yale ya Marekani, kikombe cha wali ulioiva wa punje ndefu kina gramu 158 na wanga wa gramu 45 hivi. Kikombe kilekile cha mchele mbichi kina gramu 185 na wanga wa karibu gramu 148, zaidi ya mara tatu. Baba mmoja wa mtaani alikuwa anapikiwa kikombe kimoja cha mchele mbichi peke yake kila usiku na kukimaliza, akiamini anatii masharti. Mkewe ndiye aliyeniuliza mbona sukari haishuki. Nilimwambia aende akamuulize muuguzi swali moja tu: kikombe cha kabla ya moto au cha baada ya moto? Kama unampikia mgonjwa pamoja na familia, rahisi zaidi ni kupika sufuria moja ya wote kisha umpakulie yeye kwa kikombe.

Biriani peke yake ndiyo haikuulizi maji. Mchele unatupwa kwenye maji mengi ya chumvi yanayochemka, unatolewa ungali na kiini, unachujwa, unamalizikia juu ya masala kwa dumu, yaani ndani ya sufuria iliyozibwa mfuniko, kwa moto mdogo. Hapo tia maji yoyote alimradi punje ziogelee. Kilo inabaki na kazi moja tu, ya kulingana na nyama: kwangu kilo ya mchele kwa kilo ya nyama, na akija mtu wa Mombasa jikoni kwangu, nyama kilo na nusu, maana ataiangalia kabla ya kukaa.